Gari la nguvu linalobugia mafuta lipimwe, lisibahatishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwajibu wamiliki wa magari yaliyoongezwa nguvu wanaolalamika kwamba tangu gari liguswe limekuwa likibugia mafuta, na kila wakimrudia fundi wanaambiwa, "Gari la nguvu lazima linywe." Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowatoboa mifuko.

Ukikanyaga mafuta mpaka chini, injini yenye turbo kubwa itakunywa, hilo halina ubishi, maana nguvu yenyewe inatoka kwenye mafuta. Lakini gari likienda kilomita 90 kwa saa kwenye barabara tambarare, kazi iliyopo ni kushinda upepo na uzito wa tairi kubingirika. Kazi hiyo haikuongezeka kwa sababu umefunga turbo au nozeli (kipulizia mafuta) mpya. Kwa mwendo huo gari lililoboreshwa vizuri hutumia mafuta karibu sawa na lilivyotoka kiwandani, isipokuwa kama umeshusha mgandamizo wa silinda, umeweka kemshafti kali, umebadilisha uwiano wa difu au umevisha tairi pana. Likizidisha robo au theluthi, kuna kasoro, na kasoro hiyo inapimika.

Kwanza uthibitishe kuwa tatizo lipo. Jaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, usishindilie. Andika kilomita. Endesha angalau kilomita 300, rudi pampu ileile, simama upande uleule, jaza mpaka ikate. Gawanya lita kwa kilomita, kisha zidisha kwa 100. Usiamini kabisa tarakimu ya dashibodi: kompyuta haipimi mafuta, inakisia kwa kuhesabu muda ambao nozeli zimefunguka. Ukiweka nozeli kubwa bila kuiambia ukubwa wake halisi, hesabu yote inakuwa uongo.

Odometa nayo hudanganya pale tairi zilipobadilishwa. Tairi ya 205/55 R16 ina kipenyo cha milimita 632 hivi, ya 235/45 R18 ni kama milimita 669. Tofauti inakaribia asilimia 6. Odometa ikionyesha kilomita 300, gari limeshakwenda kama 317. Ukiwa umejaza lita 36, utaona lita 12 kwa kilomita 100, kumbe ni 11.4. Linganisha odometa na GPS ya simu kwenye safari moja ndefu, upate namba yako ya kusahihishia.

Kama bado matumizi ni makubwa, acha kabisa kununua vipuri, chomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kwenye tundu la OBD-II. Hapa ndipo penye jibu kwa magari mengi, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Injini ikishapata moto, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, husoma sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi na kurekebisha mafuta ili mchanganyiko ubaki hewa 14.7 kwa petroli 1, yaani lambda 1 (chini ya 1 petroli imezidi, juu ya 1 hewa imezidi). Marekebisho hayo huitwa trimu, na yapo mawili: ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yajumlishe. Jumla ikiwa kati ya −5 na +5 kwa mia, mfumo ni mzima. Ikivuka 10, upande wowote, kuna jambo. Chanya maana yake kompyuta inaongeza mafuta, hasi maana yake inapunguza.

Soma katika hali tatu, injini ikiwa na moto kamili: gari limesimama sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, gari likitembea mwendo usiobadilika kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, na likipanda mlima wa wastani bila kukanyaga sana. Namna trimu inavyobadilika kutoka hali moja kwenda nyingine inaeleza mengi kuliko tarakimu moja peke yake.

Trimu chanya kubwa sailensi, inayoyeyuka ukipandisha mizunguko, kwenye gari lenye sensa ya hewa, yaani eafulo, ni hewa inayoingia bila kupimwa: mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi ya hewa. Chanya inayokua kadiri mzigo unavyoongezeka ni pampu dhaifu au filta iliyoziba. Hasi sailensi, inayotoweka mlimani, ni nozeli inayovuja, vali ya kanista (kopo la mvuke wa petroli) iliyokwama wazi, au muda wa kuchelewa wa nozeli, nitakaoueleza mbele, ulioandikwa vibaya kwenye programu ya kompyuta. Na asilimia ileile kila mahali ni presha ya mafuta, ukubwa wa nozeli, au kipimo cha hewa.

Lakini kuna mtego, na ni hapa hasa nilipotaka wasomaji watulie. Trimu chanya si ushahidi wa mafuta kupotea. Kama sensa ya oksijeni inasema kweli, kompyuta imeongeza kile kilichopungua na matumizi yako ni ya kawaida. Mafuta yanapotea pale sensa inapodanganywa: inaambiwa kuna hewa nyingi kumbe hakuna, nayo kompyuta inaongeza mafuta yasiyohitajika. Kwenye magari yaliyoboreshwa, mdanganyifu mkuu ni ekzosi inayovuja kabla ya sensa.

Moshi hautoki kwenye injini kama mkondo wa mfululizo, hutoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo presha ndani ya bomba hushuka chini ya ile ya nje kwa muda mfupi sana, na ufa hunyonya hewa. Sensa inaona oksijeni, kompyuta inamwaga mafuta, na taa ya cheki injini inaweza kuwaka na kosa P0171, linalosema mafuta ni machache wakati bomba la nyuma limejaa masizi meusi. Ukiona vitu hivyo viwili pamoja, usinunue sensa mpya. Itadanganywa vilevile.

Manifoldi ya ekzosi iliyochomelewa hupinda, flanji ya turbo hulegea, gasketi huungua, na kitako cha sensa kilichochomelewa upya hubaki na tundu dogo kama la sindano. Kagua injini ikiwa baridi kabisa, kabla haijawashwa siku hiyo. Mwenzako aiwashe, wewe sikiliza karibu na kichwa cha silinda: mlio wa tik-tik-tik unaofifia dakika chache baadaye ni ufa unaozibwa na chuma kinachotanuka. Tazama pia alama nyeusi kavu zinazotawanyika kutoka kwenye ukingo wa gasketi. Ukiziba bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, uvujaji hutoa mlio wa shiiii. Fanya hivyo nje, penye hewa.

Silinda isiyowaka sawasawa nayo hudanganya sensa kwa njia hiyohiyo, kwani oksijeni ambayo haikuchomwa hupita nzima mpaka kwenye ekzosi. Kwa hiyo plagi na koili zikaguliwe kabla ya kuilaumu sensa. Kwenye injini ya turbo, mwanya wa plagi wa milimita 0.6 hadi 0.8 ndio wa kawaida, mkubwa zaidi cheche huzimwa na presha. Na plagi za baridi zaidi, zinazofaa mashindano, hazipati joto la kujisafisha kwenye mwendo wa kila siku, hivyo hushika masizi na kuanza kukosa. Gari la kwenda kazini lisifungwe plagi za mbio.

Sasa eafulo. Bomba la hewa likibadilishwa kutoka kipenyo cha milimita 70 hadi 76 huku sensa ikibaki ileile, eneo la bomba linaongezeka kwa karibu asilimia 18, na sensa inasoma hewa pungufu kwa karibu asilimia 15. Trimu itafidia mafuta, sawa, lakini kompyuta itaamini pia kuwa mzigo wa injini ni mdogo, itapeleka cheche mapema kupita inavyostahili, injini itagonga, yaani petroli italipuka ovyo ndani ya silinda, na sensa ya kugonga itarudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma. Dereva anaona gari limekuwa zito, anazidi kukanyaga. Filta zinazopakwa oili zina balaa jingine: oili ikizidi hufika kwenye waya wa sensa na kuugandisha uchafu. Usafishe kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya eafulo tu, usiuguse kwa kitambaa wala dawa ya breki, na uuache ukauke wenyewe.

Vali ya turbo inayopumulia nje ile "pshhh" ina gharama yake pia kwenye gari lenye eafulo. Hewa iliyokwisha kupimwa inamwagwa, mafuta yake yanabaki, na kila ukibadilisha gia injini inamezeshwa mchanganyiko mzito. Irudishe hewa hiyo kwenye bomba la kabla ya turbo. Gari linalopima kwa presha ya manifoldi halina shida hiyo.

Kwenye mafuta yenyewe, anza na kimpira chembamba kinachotoka manifoldi kwenda kwenye regyuleta ya presha. Kichomoe injini ikiwa imezimwa, ukitazame na ukinuse. Kikiwa na petroli ndani, ngozi ya regyuleta imechanika na injini inanyonya petroli mbichi ambayo hakuna nozeli iliyoipima. Ni kazi ya dakika moja, na kila mtu anaweza kuifanya.

Kisha geji. Kwenye mifumo mingi ya zamani yenye mrejesho, ambako petroli inayozidi hurudi tangini, presha ya msingi, kimpira kikiwa kimechomolewa na kuzibwa, ni bar 3. Ukikirudisha sailensi hushuka kwa kama nusu bar. Fundi akiwa ameipandisha hadi bar 4 bila kuandika upya programu, nozeli zilezile zinamwaga asilimia 15 zaidi, kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili (square root) cha presha. Zima injini uangalie sindano: ikiporomoka upesi, kuna nozeli inayotiririka, regyuleta isiyofunga au vali ya pampu iliyochoka. Chunguza na kijiti cha oili. Oili inayonuka petroli, au inayopanda badala ya kushuka, inaeleza mafuta yalikokwenda. Kazi hizi zifanywe injini ikiwa baridi, kizima moto kikiwa karibu. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zisifunguliwe kupimwa kwa geji ya kawaida, presha yake inapita bar 100 na inatoboa ngozi ya mtu. Hizo zisomwe kwa kompyuta peke yake.

Nozeli kubwa zina jambo moja linalosahaulika: muda wa kuchelewa, yaani ile sehemu ya milisekunde kati ya umeme kufika na nozeli kufunguka. Nozeli ya sisi (cc) 1,000 kwa dakika inaweza kufunguliwa kwa milisekunde 1.5 tu sailensi. Kosa la milisekunde 0.2 kwenye programu ni asilimia 13 hapo. Kwenye mzigo, inapofunguka milisekunde 6, kosa hilohilo ni asilimia 3. Ndiyo maana gari huonekana safi kwenye mashine ya kupimia nguvu, kisha likawa mlafi kwenye foleni. Muda huo hubadilika na volti. Jaribio lake ni rahisi: gari likiwa sailensi, zima trimu kwenye programu kama inaruhusu, kisha washa taa kubwa, feni na kiyeyusha ukungu cha kioo cha nyuma. Volti zikishuka na lambda ikahama kwa asilimia kadhaa, jedwali la volti si la nozeli hizo. Mtengenezaji hutoa jedwali kwa kila aina na kwa kila presha, fundi alitumie hilo, asikopi la nozeli nyingine.

Kuhusu joto, nitasema kifupi kwa kuwa kosa lenyewe liko wazi. Thamostati iliyotolewa, au iliyobadilishwa kwa ya digrii 71, huifanya injini isifikie joto lake, na kontroli boksi huendelea kuongeza mafuta ya kupashia moto. Kwenye mwendo mrefu kompyuta isome digrii 85 hadi 100. Ikishuka hadi 65 au 70 ukiwa barabarani, rudisha thamostati ya kiwandani. Sensa nyingi za joto la maji husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwa digrii 20, na kama omu 300 kwa digrii 80. Inayosema injini ni baridi wakati rejeta imechemka inakula mafuta mchana na usiku.

Programu ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana hapo mwenye gari hana macho. Wapo wanaozima usahihishaji wa sensa ya oksijeni ili wasihangaike na trimu, wakaacha mwendo wa kawaida uende kwa 13.0 kwa 1 "kwa usalama." Hiyo ni petroli asilimia 13 zaidi kwa hewa ileile, na usalama hauongezeki wowote kwenye mzigo mdogo. Turbo ikisukuma kwa nguvu, ndiyo, lambda ya 0.78 hadi 0.85 ina kazi yake ya kupoza na kuzuia kugonga. Kilomita 90 kwa saa haihitaji hilo. Taimingi nayo: mzigo mdogo hutaka cheche digrii 30 hadi 40 kabla ya pistoni kufika juu. Ukiirudisha nyuma digrii 10 "kwa tahadhari," joto linatoka na ekzosi badala ya kusukuma pistoni.

Halafu milipuko ya ekzosi, ile pa-pa-pa ukiachia mafuta. Gari la kiwandani likiwa na gia huku umeachia pedali, nozeli hufungwa kabisa na matumizi yanakuwa sifuri mpaka mizunguko ikaribie sailensi. Ili kupata milipuko, fundi anaondoa ukataji huo, anapuliza petroli na kuchelewesha cheche ili iungue ndani ya bomba. Kila mteremko na kila taa nyekundu unalipa, na masega ya katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, yanayeyuka, vipande vinaziba ekzosi. Uhakikishe hivi: kwa mizunguko 3,000, gia ya tatu, achia pedali huku mwenzako akisoma muda wa nozeli. Usiposhuka hadi sifuri, ukataji umezimwa, au sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini) haitambui kuwa umeachia. Kwenye throto kubwa ya kamba iliyofungwa upya, sensa hiyo inatakiwa isome karibu volti 0.5 ikiwa imefungwa.

Sensa ya wigo mpana ya fundi, ile anayosomea lambda, nayo ikaguliwe. Ya aina ya Bosch LSU 4.2 inahitaji kukalibreti kwenye hewa safi, nje ya bomba. Ifungwe baada ya turbo, imeinama angalau digrii 10 juu ya mlalo, isije ikakusanya maji yanayoivunja ikipata moto. Na aliyehamia petroli ya E85, yaani iliyochanganywa ethanoli nyingi, hadi asilimia 85, asitafute ubovu kwa robo ya kwanza ya ongezeko: mafuta hayo yana nishati ndogo kwa lita, na asilimia 25 hadi 30 zaidi ndiyo kawaida yake.

Ikiwa trimu, lambda na taimingi ni nzuri, toka kwenye boneti uinamie magurudumu. Endesha dakika 20, simama taratibu bila kutumia breki sana, pima joto la diski zote nne kwa kipima joto cha mwanga. Moja ikizidi mwenzake wa upande wa pili kwa makumi ya digrii, kaliperi imekwama. Inua kwa jeki, uzungushe gurudumu kwa mkono. Kwenye breki kubwa zilizoongezwa, angalia kama kebo ya breki ya mkono haikuvutwa kupita kiasi, na kama pedi zinateleza kwenye kaliperi. Gari lililoshushwa chini lisipopelekwa alaimenti, tairi za mbele hukwaruza lami kila kilomita, na ukingo wa ndani ulioliwa ni ushahidi tosha. Difu iliyotolewa 3.9 ikawekwa 4.4 inapandisha mizunguko kwa karibu asilimia 13 kwa kasi ileile, na hiyo si kasoro, ni bei ya mwondoko uliyoichagua. Kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, ukinzani wa upepo unaongezeka asilimia 44, bawa kubwa la nyuma likizidisha.

Ombi langu kwa mafundi wa programu, Mhariri, ni moja. Gari likikabidhiwa, mwenye gari apewe karatasi yenye vipimo vya kabla na baada: trimu katika hali zile tatu, lambda na taimingi kwa kilomita 90 kwa saa, presha ya mafuta, joto la maji, na muda wa nozeli pedali ikiachiwa. Vyote vinasomwa katika safari ya nusu saa. Anayekataa kuvitoa, mteja amwombe watembee naye garini kifaa kikiwa kimechomekwa, kabla hajalipa.

Wako,
Fundi wa mifumo ya mafuta na msomaji wa gazeti hili